Tabaka la Jumatano

Nyama ndiyo iliyonipeleka mlangoni kwa Fundi Saa. Bila nyama ile ningeichukua ndoo yake pale kizingitini, ningeimimina kwenye mkokoteni na kwenda zangu, kama nilivyofanya kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa miaka minne.

Niseme kwanza kazi yetu ilivyo. Mtaa wetu una nyumba arobaini na mbili. Zamani taka zote zilikwenda kwenye shimo moja mwisho wa barabara, zikinuka na kuita inzi. Majirani tukakaa, tukakubaliana kila nyumba iwe na ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya mabaki ya jikoni: maganda, majani ya chai, mkate uliolala. Sisi tunazunguka na mkokoteni, tunayakusanya na kuyapeleka kwenye uwanja mdogo nyuma ya karakana ya seremala, na huko tunayafanya mboji. Mboji ikiiva inarudi mtaani, kwa yeyote mwenye bustani au hata kopo moja la maua. Shimo lile siku hizi halijai hata nusu.

Kanuni zetu ni chache, zimeandikwa ubaoni pale langoni. Usitie nyama wala mafuta, yanaita panya. Usitie plastiki. Chenye majimaji kifunge kwenye gazeti. Ipo na nyingine ambayo hatukuiandika popote: tunachokiona ndooni hatukisemi. Ndoo inamwaga siri zote za nyumba. Mimi na mwenzangu Mama Pacha tulijua nani ana mgeni, nani ameunguza sufuria na kumficha mumewe, nani ameanza kumpondea mtoto boga. Hatukumwambia mtu. Mama Pacha kwa mambo mengine mdomo wake hauna breki, lakini kwa hili hata umkabe hasemi.

Ijumaa ile nilipofunua ndoo ya Fundi Saa nikaona vipande vinne vya nyama, vizima, havikuguswa. Chini yake palikuwa na maganda magumu ya mkate, ule ulaini wa ndani umetolewa wote, na tufaha moja lililokwanguliwa upande mmoja kwa kijiko.

"Heee!" Mama Pacha alichungulia. "Babu anatualikia panya kwa mchuzi! Bibi, kamwambie. Wewe ndiye shemeji yake."

Fundi Saa ananiita shemeji kwa sababu marehemu mkewe alikuwa rafiki yangu wa tangu ujana. Nyama ni jambo la ubaoni, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kulisema. Lile tufaha ndilo lililonifanya nibishe hodi haraka.

Alifungua akiwa ameshika kitambaa mdomoni. Nyumba yake chumba cha mbele ndicho karakana: meza moja iliyotandikwa kitambaa cheupe, bisibisi ndogo zimepangwa kuanzia nyembamba hadi nene, na saa saba ukutani, zote zikienda pamoja. Alishaacha kazi rasmi, lakini watu hawajaacha kumletea.

"Karibu, shemeji," alisema kupitia kitambaa. Sauti yake ilikuwa na upepo mwingi ndani.

"Una nini?"

"Mafua."

"Mafua gani haya yanayokutupisha nyama?"

Akatazama chini. "Niwie radhi. Nilisahau kanuni."

"Wewe? Wewe ndiye uliyetugongomelea ubao wenyewe."

Sikungoja kukaribishwa kiti, nilikaa. Nilimtazama vizuri. Kola ya shati ilikuwa imempwaya shingoni, na mkanda wa suruali ulikuwa na tundu jipya, halijakaa mstari mmoja na mengine.

"Fundi, asubuhi umekula nini?"

"Uji."

"Na jana mchana?"

"Chai."

"Na jioni?"

"Kwani wewe polisi, shemeji?" Akacheka, na kwa kucheka akasahau kitambaa. Midomo yake ilikuwa imeingia ndani kama mfuko uliovutwa uzi. Alinyanyua mkono haraka kuifunika, lakini nilikwisha kuona.

"Meno yako yako wapi?" nilimwuliza taratibu.

Aliinyoosha bisibisi moja ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Unayo wewe," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alinieleza kuwa sahani ya juu ya meno yake ya bandia ilikuwa inamfinya, akaichonga kidogo kwa tupa ndogo ya kazini. Jumatano ya wiki iliyotangulia, wakati wa kunywa chai ya asubuhi, aliyavua yapumzike, akayafunga kwenye kipande cha gazeti yasishike vumbi. Maganda ya viazi alivyokuwa amemenya, nayo akayafunga kwenye gazeti, kama tulivyofundisha. Mafungu mawili yakakaa mezani, yote ya ukubwa wa ngumi. Akasikia mkokoteni wetu unakaribia, akachukua fungu moja akalitupia ndooni.

"Mlipokwisha kukata kona, nikafungua lililobaki," alisema. "Nikakuta maganda ya viazi."

"Mbona hukutukimbilia?"

"Nilikimbia. Nikafika mpaka langoni kwenu. Mama Pacha alikuwa pale na wanawake watatu wanapiga soga, wanacheka. Nitaanzaje? Jamani, nimetupa meno? Nikarudi. Kesho yake nikaenda tena, wakawepo tena."

Nilikumbuka. Mama Pacha aliniambia juma lile, "Babu Saa anainyemelea mboji yetu, nadhani ana maua anayotaka kuyalisha kwa siri." Tukacheka, Mungu atusamehe.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa changu mwenyewe. Kila fungu la gazeti huwa tunalifungua kabla ya kumimina, tunakung'uta, tunatazama. Tumewahi kukuta vijiko, pete, hata rimoti ya televisheni. Jumatano ile wingu lilikuwa limefunga na goti langu lilikuwa linanisumbua. Sikufungua fungu hata moja. Nilimimina tu, nikatandaza maranda, nikawahi nyumbani kabla ya mvua.

Nikamwambia. Alitikisa kichwa. "Wewe hukuyavua mdomoni kwangu."

"Mwambie binti yako, Fundi. Nesi mzima yule, atajua la kufanya."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Binti yake anafanya kazi hospitali, anaishi upande wa pili wa mji na mume na watoto. Huja kila Jumapili asipokuwa na zamu. Mwaka ule Fundi alikuwa amepoteza miwani, kisha ufunguo wa mlango, kisha akasahau birika jikoni mpaka likaungua tako. Siku ya birika binti alikaa pale pale nilipokaa mimi, akasema kwa upole lakini bila kucheka: Baba, kikipotea kitu kimoja tena, unahamia kwangu.

"Na kwake kuna ubaya gani?" niliuliza.

"Hakuna ubaya. Mkwe wangu mtu mwema. Wajukuu wananipenda. Lakini kule nitakuwa wa kukaa kitini na kuulizwa kama nasikia baridi. Hapa watu wanabisha hodi. Jumatatu kuna mama kaniletea saa ya marehemu mama yake, haijasema kitu miaka kumi. Jana imesema." Alizitazama saa za ukutani. "Jumapili iliyopita mwanangu alikuwa zamu. Keshokutwa anakuja."

"Na sisi kesho tunapindua lundo," nikasema.

Sote wawili tulijua maana yake. Lundo letu tunalijenga kwa matabaka. Mabaki ya kila siku ya mkokoteni tunayatandaza, juu yake tunamwaga maranda ya seremala, tunachomeka kijiti chenye jina la siku. Ukilikata kwa pembeni unaona siku zote zimelaliana. Lakini likikomaa tunalipindua lote chini juu kwa uma wa bustani, na baada ya hapo hakuna tena Jumatano wala Ijumaa. Kila kitu kinakuwa kimoja.

"Njoo saa kumi na mbili asubuhi," nilimwambia. "Kabla ya mtu yeyote. Ila Mama Pacha lazima ajue, mimi peke yangu sina nguvu ya kuchimba matabaka manne."

Alifumba macho kidogo, kisha akakubali kwa kichwa.

Sitasahau alichofanya Mama Pacha asubuhi ile. Nilimweleza kwa maneno machache pale langoni, Fundi akiwa amesimama nyuma yangu na kitambaa chake. Niliona kicheko kinampanda kuanzia tumboni. Akatupa mgongo, akakohoa mara tatu, nne, akajifuta macho kwa ukingo wa kanga. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu kabisa.

"Haya babu," alisema, "tunaanzia wapi?"

Kisha akaenda akafunga lango, akaning'iniza lile bati letu lililoandikwa LEO HATUPOKEI, ili asije mtu akatukuta. Hakuambiwa na mtu kufanya vile.

Lundo lilikuwa limefika kifuani, limezungukwa na mbao kuukuu pande tatu. Mvuke ulikuwa unapanda juu yake kwenye baridi ya asubuhi. Nilishika uma nikaelekea kwenye kijiti kilichoandikwa Jumatano.

"Siyo hiyo," Fundi akasema.

"Imeandikwa Jumatano."

"Hiyo ni ya juma hili. Vijiti vya Jumatano ni viwili, shemeji. Yangu ni ile ya chini."

Kwa kweli uzee huu! Nilikuwa nakwenda kuchimba wiki isiyo yake. Mama Pacha alinitazama kwa jicho la pembeni, akaniacha.

Fundi alilizunguka lundo polepole, mikono nyuma, kama nilivyomwona akiizunguka saa kubwa ya ukutani kabla ya kuifungua. Akauliza siku ile mkokoteni ulianzia upande gani wa mtaa. Nikamwambia upande wa bomba, kama kawaida.

"Basi nyumba yangu ni ya nne kutoka mwisho. Mabaki ya nyumba za mwanzo yanakaa chini mkokotenini, yangu juu. Ulipopindua mkokoteni, cha juu kilitoka kwanza au mwisho?"

"Kwanza," alisema Mama Pacha. "Kinateremka kinakwenda kule mbele."

"Ukutani?"

"Ukutani."

"Na siku ile mkokoteni ulipopita ulikuwa unanukia machungwa. Muuza juisi alikuwa ametoa maganda mengi. Yeye ni nyumba ya tano kutoka mwisho, jirani yangu. Tukiyaona machungwa, nipo karibu."

Mama Pacha aliegemea uma wake. "Babu wewe ungekuwa mpelelezi."

Tukachimba. Tuliondoa Ijumaa ya jana, tukaitandaza kwenye turubai. Tukaondoa Jumatano ya juma hili, na Jumatatu, na Ijumaa iliyotangulia. Kadiri tulivyoshuka, joto liliongezeka, maana lundo linajipika lenyewe kwa ndani. Glavu zilikuwa za moto kama za mtu anayetoa mikate tanurini. Mama Pacha alikuwa anachimba, mimi napitisha kwenye chekeche, na Fundi amepiga magoti kwenye gunia, anachambua kile kilichobaki juu ya wavu kwa vidole viwili viwili. Nilimwambia apumzike kidogo. Hakunisikia, au alijitia hasikii.

Tukafikia maranda. Tukayakwangua. Ikatokea harufu ambayo hata katika joto lile ilikuwa bado imebaki: machungwa.

"Taratibu," Fundi alisema. "Sasa kwa mikono."

Gazeti lilikuwa limelainika, limegeuka kahawia, linashikana na vingine kama ngozi iliyolowa. Alilitambua kabla sijaliona. Alilikunjua kwenye kiganja, na ndani yakawa meno yake, juu na chini, yanatutazama kama mtu aliyeshikwa akicheka msibani.

Mama Pacha hakuweza tena. Alikaa chini kwenye maranda akacheka mpaka akashika mbavu, na Fundi akacheka naye, kwa ule mdomo wake mtupu bila kuufunika. Mimi pia. Tulicheka wote watatu kwa furaha.

Niliyaosha bombani mara tatu kwa sabuni, nikamwagia maji ya moto kutoka chupa ya chai, nikayaosha tena. Fundi akageukia ukuta kuyavaa.

Alikaa amegeuka muda mrefu.

"Vipi?" nikauliza.

Akageuka. Sahani ya chini ilikuwa imekaa. Ya juu ilikuwa imening'inia upande mmoja, na alipojaribu kufunga mdomo ilitoa mlio, ka! Aliivua, akaiweka juu ya ubao uliolala sawa. Ilicheza kama meza yenye mguu mfupi. Siku kumi katika joto la lundo zilikuwa zimeikunja.

Mama Pacha alichukua uma, akaanza kuirudisha Ijumaa mahali pake, ingawa muda si mrefu tulikuwa tunakwenda kuvuruga zote.

Nilimsindikiza Fundi mpaka kwake. Njiani akaniambia, "Kesho njoo ule nasi. Kaa ubavuni kwangu. Nyama nitakuwa nakusogezea wewe."

"Nile ya watu wawili?"

"Mara moja tu. Jumatatu nitatafuta mtu wa kuyanyoosha."

"Fundi, ya ndoo sitayasema, hiyo ni kanuni yangu. Kuja nitakuja. Lakini yule ni mtoto wa rafiki yangu. Akiniuliza uso kwa uso, sitamdanganya."

"Hatakuuliza," alisema. "Ataona meno, basi."

Jumapili nilivaa gauni langu la maua nikaenda. Binti alikuwa amefika na sufuria mbili zimefungwa kwa taulo zisipoe. Alinikumbatia. Ana mikono ya kinesi, inakupima huku inakukumbatia.

"Mama mkubwa, goti lako?"

"Linanikumbuka kila siku, mwanangu."

Tulikaa. Fundi alikuwa amevaa meno yake. Alikuwa ameyabandika ufizini kwa kitu gani sijui, na alikuwa anaongea kwa maneno mafupi mafupi, kichwa juu, kama mtu aliyebeba mtungi. "Karibuni," alisema, na sahani ya juu ikashuka. Akairudisha kwa ulimi. Binti alikuwa anapakua, sikujua kama ameona.

Nyama ilikuwa laini, imepikwa kwa mapenzi, hilo lilionekana. Fundi aliikata vipande vidogo, halafu vidogo zaidi. Alivizungusha sahanini. Binti alipoinuka kufuata maji, vipande vitatu vikahamia kwangu. Alipoinuka kufuata chumvi, viwili. Nilikula. Nilikula mpaka nikahisi kifungo cha gauni kinaniomba ruhusa.

"Baba, hongera, leo umemaliza," binti alisema.

"Tamu," Fundi akajibu. Ka!

Binti akaweka kijiko chini. Hakumtazama baba yake mdomoni. Alikuwa anautazama mkanda wa suruali.

"Tundu hilo jipya," alisema polepole. "Umelitoboa lini?"

"La zamani hilo."

"La zamani haling'ai hivyo kingoni." Kisha akanigeukia mimi. "Mama mkubwa, wewe unapita hapa mara tatu kwa wiki. Baba anakula?"

Saa zote saba zilikuwa zinasema ukutani. Nilimwona Fundi kwa pembeni ya jicho. Hakunikonyeza wala hakunisihi. Alikuwa ameweka mikono miwili mezani, vidole vimenyooka, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kama ningesema anakula, binti angelala usingizi wa uongo. Kama ningesema hali, ningekuwa mimi niliyemtoa mzee nyumbani kwake.

"Baba yako yuko hapa, mwanangu," nilisema. "Mwulize mwenyewe. Atakuambia."

Fundi alivuta pumzi. Akanyanyua mkono, akayavua meno, ya juu kisha ya chini, akayaweka juu ya kitambaa cheupe karibu na sahani. Na bila kuficha mdomo akaanza kusimulia. Alianza na tupa, akaja kwenye mafungu mawili ya gazeti, akaja kwenye kwenda langoni mara mbili na kurudi. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye lundo alisimulia tabaka kwa tabaka, mpaka kwenye machungwa.

"Na mimi nina langu," niliingilia. "Kazi yangu ni kufungua kila fungu. Siku ile sikufungua."

Binti alikuwa ameweka mkono mdomoni muda wote. Nilifikiri analia.

"Siku kumi na moja," alisema hatimaye. "Baba, siku kumi na moja unakunywa uji! Na kila jioni nakupigia simu, nakuuliza umekula nini, unaniambia nyama."

"Nyama ilikuwepo."

"Ilikuwepo ndooni!"

"Ndiyo. Ilikuwepo ndooni."

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. "Chumba chako kiko tayari tangu mwezi uliopita. Hujui hilo. Mume wangu ameshakutengenezea meza dirishani, ina droo ndogo ndogo za parafujo. Alikuja hapa siku moja akazihesabu hizo droo zako, ukadhani anatazama saa."

Fundi aliinua kichwa. Niliona jambo hilo limemgusa mahali ambapo hasira isingefika.

"Droo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili," alirudia. "Mwambie nashukuru. Usimwambie tu juu juu, mwambie nimeshukuru sana." Kisha akasema, "Lakini sijawa tayari, mama." Humwita binti yake mama, tangu akiwa mdogo. "Kupoteza nilipoteza. Lakini nilijua yako wapi. Nilijua siku, nilijua upande, nilijua yamelaliwa na nini. Mwulize shemeji. Yeye alikuwa anachimba wiki nyingine."

"Kweli," nikasema. "Ningechimba mpaka leo."

Binti alicheka kidogo bila kutaka, akajifuta pua. Alikaa tena, safari hii si mbele ya baba yake bali ubavuni kwake.

"Mimi kazini najua kila mgonjwa amekula nini," alisema. "Najua nani amelala na nani hakulala. Halafu natoka pale, na baba yangu mwenyewe simjui. Unadhani nataka kukuhamisha kwa sababu ya birika? Nataka kukuhamisha nikuone kwa macho, kwa sababu ukisema huaminiki."

Fundi alianza kulainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. Binti akaendelea:

"Basi tuseme hivi. Keshokutwa nina mapumziko, nakupeleka kwa fundi wa meno, na hiyo tupa yako utaiacha nyumbani. Ukiniambia kweli, kaa hapa mpaka utakapochoka mwenyewe. Siku nikigundua umenificha jambo, nakuja na gari na sanduku. Sitakuuliza."

"Kweli ya mambo yote?"

"Yote."

Mzee aliitazama ile meza yake, bisibisi zake zilizopangwa kuanzia nyembamba hadi nene. Nilidhani atasema haya, nimekubali, na mambo yaishie hapo, kama wanaume wanavyopenda. Badala yake aliuvuta mkono wa binti yake akaushika.

"Basi kaa vizuri," alisema. "Sikio la kushoto halisikii tangu mwaka jana. Ukinipigia simu nageuza upande."

Binti akafumba macho. "Na?"

"Ngazi ya nyuma niliteleza. Goti tu, halikuvunjika kitu. Nilikaa pale kama saa nzima."

"Na?"

Hapo alizitazama tena bisibisi zake. Nilianza kuinuka niwapishe, lakini binti alinishika gauni. "Kaa, mama mkubwa. Usiniache naye, nitamfinya."

"Na parafujo zile nyembamba kabisa," Fundi alisema, sauti imeshuka, "sizioni tena. Naziendea kwa kidole. Ile saa ya yule mama, nilifanya kwa siku nne kitu cha saa moja. Siku hizi nikishindwa namrudishia mtu, namwambia spea hazipatikani."

Nilimfahamu mtu yule miaka arobaini, na sikuwahi kumsikia akisema neno gumu kuliko hilo. Binti yake pia alijua. Hakumwambia pole. Aliivuta sufuria karibu, akatia nyama sahanini, akaimwagia mchuzi, akaanza kuiponda kwa uma taratibu, nyuzi kwa nyuzi, mpaka ikawa laini ya kumezeka bila jino.

"Kula huku unasema," alimwambia, akamwekea kijiko mkononi.

Akala. Aliposema jambo la tano sahani ilikuwa tupu. Alipofika la sita binti yake alikuwa ameshaanza kuponda sahani ya pili, wala hakuinua macho kuuliza yamebaki mangapi.